Uyoga bustanini, msiumwagie dawa

Masika haya hapa Lamu uani kwetu uyoga umejaa kwenye tuta la mchicha, mweupe, wa kahawia, na majirani wakipita wananambia nimwagie chumvi au dawa, jamani hapana! Chumvi itaua mchicha kwanza. Sisi huku mbolea yetu ni samadi ya punda, na punda hasagi nyasi zote tumboni, nyuzi za majani zinabaki, sasa kazi ya uyoga ni kuzivunjavunja hizo nyuzi pamoja na makumbi ya nazi tuliyofukia, ndo mizizi ipate chakula. Kile tunachokiona juu ni tunda tu, mwili wenyewe ni nyuzinyuzi nyeupe chini ya udongo, kwa hivyo hata ukiung'oa, mvua ikinyesha unarudi. Mwengine unaota usiku na kufikia jioni ushayeyuka kuwa maji meusi kama wino.

Ila kuula ndo sitaki kusikia kabisa. Kuna uyoga sumu yake haiishi hata ukichemshwa, na mtu anaweza kukaa masaa 6 mpaka 24 yuko sawa ndo tumbo lianze, kisha anapata nafuu kidogo huku ini linaharibika. Wenye watoto wadogo uchumeni mkauzike mbali. Na mtu akila akaumwa, mbio hospitali, mchukue na kipande cha uyoga wenyewe.

Kinachonisumbua mie ni ule ukungu mweupe wa ungaunga juu ya majani ya maboga, huo ndo adui, majani yaliyoshikwa nayakata mapema na miche naipa nafasi upepo upite.