Bumu la siku 60 nililianza kwa mama ntilie

Bumu langu la kwanza, yaani hela ya kujikimu ya mkopo wa chuo, lilidumu siku 23. Wakati ule Bodi ya Mikopo ilitoa shilingi 8,500 kwa siku za chakula na malazi (mwaka 2022 ikapandishwa hadi 10,000), na hela ya siku 60 iliingia kwa mkupuo: 510,000. Mtoto wa Kigoma niliyezoea kuomba nauli, nikaziona hizo kwenye akaunti, nikashuka Kariakoo. Simu ikala 280,000. Jinzi mbili, chipsi kuku Sinza, na wale marafiki wanaokujua siku ya kusaini bumu tu. Zilizofuata zilikuwa siku za pasi ndefu: uji asubuhi, kisha maji mpaka usiku. Nyumbani sikusema. Ningeanzaje, wakati mama alidhani natunza na ya mdogo wangu?

Bumu la pili nilijijua: hela ikikaa kwenye simu, ninayo mimi na watu wote wanaonizunguka. Kwa hiyo siku ileile ilipoingia nilikwenda kwa mama ntilie wa karibu na geto letu Changanyikeni. "Mama, nataka nikulipe chakula cha mchana cha miezi miwili." Akanitazama kama nimechanganyikiwa. "Mwanangu, na nikifunga je?" Tukakubaliana wali maharage, 1,500 kwa siku, jumla 90,000, na daftari ambalo kila nikila anachora mstari mmoja.

Kodi tulichanga wawili, fungu langu 60,000 kwa miezi miwili. Mwenye nyumba alitaka ya miezi sita, tukambembeleza. Usiku tulipika wenyewe: 80,000 zikaenda kwenye unga, mchele na gesi ya mtungi mdogo, mboga ikiwa dagaa na mawese ambavyo mama alivituma kwa treni. Bando na kutoa kopi, 40,000. Nyumbani nikatuma 50,000, na 50,000 nyingine nikazitia kwenye kibubu cha mbao kisichofunguka mpaka ukivunje, maana bumu la mwezi fulani huweza kukawia.

Zikabaki 140,000. Gawanya kwa 60, unapata kama 2,300 kwa siku. Hiyo ndiyo ilikuwa hela yangu hasa, chapati, daladala na sabuni humohumo. Mtu akinikopa nilimwambia ukweli: ninayo 2,300.

Haikwenda sawa kila mara. Mama ntilie aliwahi kufiwa, akasafiri Tanga wiki nzima, nami nikavunja kibubu kabla ya wakati. Aliporudi alihesabu mwenyewe mistari inayokosekana.

Mwaka wa tatu, siku nafunga mizigo, nilikwenda kuaga. Akafungua daftari: zilibaki siku nne sijazila. Akaniambia nikae. Akarudi na sato mzima wa kukaanga.