Sabufa iliyokoroma asubuhi tu

Kinyozi wa mtaani kwetu hapa Tanga aliniletea sabufa yake mara tatu kwa ugonjwa ule ule. Akiiwasha asubuhi inakoroma na kutatarika kama bisi zinapasuka kwenye sufuria. Ikifika saa nne imenyamaza, inapiga muziki safi kabisa. Ilikuwa Aprili, masika yamekolea.

Mara ya kwanza nilibadilisha kapasita, kile kifaa kinachohifadhi na kutuliza umeme. Sabufa ikikoroma, fundi yeyote hukimbilia kapasita, na mara nyingi hakosei. Mara ya pili nikabadilisha aisii ya amplifaya, ile chipu ya kukuza sauti, na hapo nikaharibu. Niliikalia na pasi ya lehemu kwenye mguu mmoja hadi kiduara cha shaba kikabanduka, kikaja juu na lehemu yake kama ukoko wa wali. Nikaunga kwa kipande cha waya. Kesho yake kinyozi yuko mlangoni: “Fundi, imeanza tena.”

Nikaifunga kwenye mfuko, nikaenda kwa mzee aliyenifundisha kazi.

“Shikamoo mzee.”

“Marahaba. Haya, lete.”

Hakugusa hata mita. Aliigeuza bodi, ule ubao unaobeba vifaa vyote, akainusa, akaweka kidole kwenye doa jeusi chini ya rezista mbili kubwa zinazoshusha umeme kwenda saketi ya toni.

“Mwanangu, bodi hii ya kahawia ni karatasi. Karatasi ikiungua inakuwa nini?”

“Makaa.”

“Na ule mti mweusi ulio katikati ya betri ya tochi ni nini? Haupitishi umeme?”

Nilikuwa nimefanya kazi hii miaka sita bila kujua ninalehemu juu ya karatasi. Ndivyo ilivyo: karatasi nyingi zinalowekwa kwenye gundi ya fenoli na fomaldehaidi, zinapangwa, kisha zinagandamizwa kwa joto hadi zinakuwa ubao mmoja mgumu usioyeyuka tena. Juu yake inabandikwa shaba nyembamba, kwa kawaida mikromita 35 tu. Gundi yenyewe ni ya ukoo wa Bakelite, aliyoibuni Leo Baekeland, Mbelgiji aliyehamia Marekani, mwaka 1907. Ukitaka kuiona bila kufungua redio, tafuta meza ya Formica iliyomeguka pembeni kwenye hoteli ya chai. Ule ukahawia ulio chini ya maua ni ndugu yake.

Viwanda vinaipenda kwa sababu ni rahisi na matundu yake yanapigwa kwa mashine kwa mkupuo mmoja, hayahitaji kutobolewa moja moja. Huitwa FR-2. Ile FR-4, ambayo mara nyingi huwa ya kijani, ni kitambaa cha nyuzi za kioo na epoksi, inavumilia mengi. Ya karatasi ina tabia za karatasi: inanywa unyevu, na shaba yake ikipata joto la muda mrefu inaachia.

Nilirudi kibandani, nikang'oa vifaa vyote kuzunguka lile doa, nikapima kati ya njia mbili za shaba ambazo hazina uhusiano wowote. Mita ikasoma kilo-omu 180, yaani umeme unavuja kati yao kupitia doa. Nikaazima draya kwa dada wa saluni jirani, nikapuliza nusu saa. Zikapanda hadi mega-omu 2 na ushee, uvujaji ukapungua zaidi ya mara kumi. Nikaiacha wazi usiku kucha, mvua inanyesha. Asubuhi zimeshuka tena. Hapo nikaelewa kwa nini kinyozi alikuwa anateseka hadi saa nne: sabufa ilikuwa inajikausha yenyewe.

Kukausha peke yake hakutoshi, maana makaa yanabaki. Nilichukua kisu cha kukatia karatasi nikakwangua weusi wote hadi nikafika kwenye kahawia safi. Sehemu moja ilikuwa imeungua mpaka upande wa pili, nikaitoboa kabisa, tundu la kupitisha kidole kidogo. Harufu yake ni ile ya dawa ya kusafishia hospitali, kwa hiyo fungua dirisha. Nikasafisha kwa spiriti, nikakausha tena, na bodi ikiwa bado ina uvuguvugu nikaziba kwa gundi ya epoksi ya tyubu mbili na kupaka safu nyembamba kote nilikokwangua. Nikaiacha siku nzima. Njia za shaba zilizokatika nikaziunga kwa waya kutoka mguu hadi mguu, si kwa kujaza lehemu juu ya ufa.

Rezista nazo nilibadilisha, wati 2 badala ya 1, na nikaziinua sentimita moja juu ya bodi kwa miguu yao. Sijui kwa nini kiwandani walizilaza. Labda kuokoa nafasi.

Siku hizi bodi ya kahawia naigusa kwa sekunde mbili au tatu, naondoa pasi, nasubiri ipoe. Kama mguu haujaachia, naongeza lehemu mpya na flaksi, dawa ya kuifanya lehemu itiririke, badala ya kukandamiza.

Sabufa ya kinyozi imeshapita masika mawili bila kukoroma. Juzi kaileta tena, nikashtuka. Panya wamekata waya wa spika.