Kutoka Lubumbashi hadi Kinshasa: nilivyoisoma tiketi ya Mama

Mama anachoma insulini asubuhi na jioni, na akishachoma lazima ale. Mama mdogo alipomwita Kinshasa kwa ndoa ya bintiye, swali langu lilikuwa moja tu: atakaa njiani muda gani?

Tiketi ilisema hivi: kutoka Luano, uwanja wa ndege wa Lubumbashi, 10:00, kufika N'djili, ule wa Kinshasa, 11:15. Kurudi, kutoka 13:00, kufika 16:15. Yaani kwenda saa moja na robo, kurudi saa tatu na robo, kwa njia ileile! Mama akaniuliza kama ndege ya kurudi ni mzee.

Kongo ina majira mawili ya saa. Kinshasa iko nyuma yetu kwa saa moja, na kila mji huandikwa kwenye tiketi kwa saa yake. Saa hiyo moja inapunguza muda wa kwenda na kuongeza wa kurudi, kwa hiyo unajumlisha muda wa kwenda na wa kurudi, unagawa kwa mbili: saa mbili na robo. Huo ndio muda wa kweli.

Bado nilitaka kuhakikisha, nikachukua kalamu na ramani. Lubumbashi iko nyuzi 11.6 kusini na 27.5 mashariki, Kinshasa 4.3 kusini na 15.3 mashariki. Uzi mmoja wa kusini-kaskazini ni kilomita 111, na huku kwetu, karibu na ikweta, ule wa mashariki-magharibi unapungua kidogo tu, kama 110. Nikapata kilomita 810 upande mmoja na 1,340 upande wa pili. Kwa kanuni ya Pythagoras tuliyofundishwa shuleni, umbali wa moja kwa moja unatoka kama 1,560. Kwa barabara, kupitia Likasi, Kolwezi, Mbuji-Mayi, Kananga, Tshikapa na Kikwit, unapita 2,000, na barabara yenyewe tunaijua.

Ndege ya jeti inakwenda kama kilomita 800 kwa saa. Hiyo ni karibu saa mbili, ongeza kupanda na kushuka: hesabu imekubaliana na tiketi. Lakini uliza ni ndege gani. Yenye mapanga, kama ATR 72, inakwenda kama 500 kwa saa, basi ni zaidi ya saa tatu. Uliza pia kama inatua njiani.

Saa ya mkononi ya Mama niliiacha kwenye saa ya Lubumbashi, ili sindano ya jioni isisogee. Insulini ikakaa kwenye mkoba wake wa mkononi, maana kwenye shehena ya ndege inaweza kuganda na ikaharibika. Nikamfungia pia mkate, mayai na ndizi. Chakula hicho ndicho kilichomfaa, kwa sababu kutoka N'djili hadi mjini ni kilomita 25 hivi kwenye Boulevard Lumumba, na msongamano wa magari wa pale unaweza kula muda mrefu kuliko ndege yenyewe. Alikula ndani ya teksi, mama mdogo akimshikia maji.

Jirani yangu anayekwenda Mbuji-Mayi alitaka nimpigie hesabu hiyohiyo. Yeye nilimwambia asome tiketi ilivyo: kule saa ni kama zetu.