Jinsi nilivyokomesha harufu kwenye choo chetu cha majivu

Choo chetu hapa Newala hutenganisha mkojo na kinyesi; kinyesi huangukia chemba na kufunikwa kwa majivu, ila kilinuka hadi barazani. Nikayalaumu majivu bure. Siku moja mke wangu akaniuliza, "Baba Somoe, sisi tunatawazia wapi?" Kumbe maji ya kutawaza yaliingia chemba, majivu yakawa uji!

Nikajenga pa kutawazia pembeni, mfereji wake ukaishia migombani. Nikaweka na ndoo yenye mfuniko kwa ajili ya pedi, zisitupwe chembani. Mlango nikaugeuza usitazame njia. Mabinti walikuwa wakijibana hadi giza liingie, nami sikujua.

Sasa kila haja kubwa, kopo la majivu makavu. Chemba ikijaa naifunga mwaka mzima, tunahamia ya pili, ndipo mbolea iende shambani.