Nilienda Java kununua shamba, nimeishia na mbuzi sita

Kila mwezi lazima mtu anitumie meseji, "kaka nasikia huko ardhi bei chee, nifanyie mpango hata robo heka," na mi kila mwezi narudia maelezo yaleyale kwenye simu mpaka mke wangu anacheka maana ameshayakariri, kwahiyo leo naandika mara moja tu, ukiniuliza tena nakutumia linki.

Tunaishi kijijini upande wa Gombong, Kebumen, Java ya Kati, Indonesia, kusini mwa kisiwa. Bondeni ni majaruba ya mpunga mpaka macho yanachoka, ukipanda juu kidogo unakuta vilima vya muhogo, minazi na ile miti wanaiita sengon, mirefu imenyooka kama imechorwa na rula. Ndio kwao mke wangu. Tulikuja "kusalimia", mwaka wa nne huu bado tunasalimia.

Kufika sio kazi. Jakarta unapanda treni stesheni ya Pasar Senen, mi napenda ile ya Sawunggalih, masaa sita na ushee uko Gombong, unashuka wanakusubiri watu wa ojek na pikipiki zao. Tiketi inakatwa kwa namba ya pasipoti na jina liwe lilelile, usiandike jina la utani. Ila ukitaka kuja karibu na Lebaran, yaani Idd yao, aisee pole, wakati huo kila mwenye kijiji chake anarudi kwao na tiketi zinaisha ukiwa bado unatafuta ulipoweka simu.

Ukifika, kabla hujafungua begi, unaenda kwa Pak RT, yule mkubwa wa nyumba zetu hizi chache. Kuna kibao kabisa njia panda, mgeni atoe taarifa ndani ya masaa 24. Mi siku ya kwanza nilidhani ni mambo ya polisi nikaenda na makaratasi yote hadi cheti cha chanjo, mzee wa watu akanikalisha, akanimiminia chai tamu ya kufunga koo, akauliza nimekula? Karatasi hakugusa hata moja.

Lugha nayo. Kiindonesia kwa mtu wa Kiswahili kina raha yake, meza ni meja, sabuni ni sabun, wakati ni waktu, habari ni kabar, bendera ni bendera tu vilevile. Lakini kijijini watu wanaongea Kijava, na Kijava cha huku kwetu wanakiita ngapak, wenzao wa miji ya Yogya na Solo wanakicheka kwamba cha kishamba kwa sababu hakibadilishi a kuwa o. Wali wao kule ni sego, huku ni sega. Masikio yangu yanashukuru.

Haya, ardhi sasa.

Karatasi kubwa kuliko zote inaitwa Hak Milik. Msomaji wa Kiswahili huhitaji hata kutafsiriwa, haki ya milki, na kwa sheria yao ya ardhi ya mwaka 1960 ni ya raia wa Indonesia tu. Mgeni hapewi. Sheria hiyohiyo inasema ukijipenyeza kwa mlango wa nyuma ukanunua, mauziano ni batili, ardhi inaangukia serikalini na hela uliyolipa hairudi. Sasa nakuambia hivi kwa sababu mwezi wangu wa pili tu alikuja dalali mmoja, mtanashati, na ramani ya kiwanja kwenye simu, akaniambia wala usijali, tunaandika jina la shemeji yako, pembeni mnasaini mkataba wa siri kwamba mali ni yako. Nikauliza na shemeji akifa? Akacheka. Nikauliza akiachwa na mkewe wakagawana mali? Hapo akaangalia saa.

Kuna Hak Pakai, haki ya kutumia, hiyo mgeni mwenye kibali cha kuishi anaweza kupata, miaka 30, inaongezwa 20, inahuishwa tena 30. Ila kwa mgeni hiyo ni habari ya nyumba ya kuishi, sio jaruba la mpunga, tena kila mkoa una bei yake ya chini ambayo nyumba za kijijini kwetu haziifikii hata uziunganishe tatu. Ukitaka kupitia kampuni ya uwekezaji wa kigeni, PT PMA, thamani ya uwekezaji inatakiwa izidi rupia bilioni 10 na ardhi na majengo hayahesabiwi humo. Sasa wewe uliyeniomba robo heka, bilioni 10 unazo?

"Si mkeo ni raia, anunue yeye." Ndivyo nilivyodhani na mimi. Tukaenda kwa notari, yule mwanasheria wa hati, mjini, tumevaa vizuri, swali la kwanza: mlifunga mkataba wa ndoa wa kutenganisha mali? Tukatazamana. Ndoa yao kwa sheria ya mwaka 1974, kinachopatikana ndani ya ndoa ni cha wote wawili, na kwa kuwa mmoja wa hao wote wawili ni mimi mgeni, Hak Milik inaingia dosari. Zamani ulikuwa ukishaoa bila huo mkataba basi imekula kwako, mkeo raia wa nchi yake mwenyewe hawezi kununua hata uwanja wa bata. Watu wakaenda Mahkamah Konstitusi, mahakama yao ya katiba, na mwaka 2016 ikaamua kwamba mkataba unaweza kuandikwa hata mkiwa mmeshaoana. Tumeandika. Ila urithi na hiba havikuwa na shida tangu mwanzo, hivyo ni vya mwenyewe aliyepewa, na hapo ndipo nilipoelewa kwa nini baba mkwe, Bapak, alikuwa ananitazama nahangaika na dalali bila kusema kitu. Alikuwa na shamba lake na alikuwa na binti yake, wasiwasi ulikuwa wangu peke yangu.

Bapak kutosema kitu ni somo linalojitegemea, na lilinigharimu rupia milioni tisa.

Nilikodi kipande cha jirani kwa mwaka mmoja, ubin 100. Ubin ni kipimo cha huku, kama mita 14 za mraba, hawakupimii kwa heka hata kidogo. Nikataka kulima pilipili. Nilikuwa nimeona sokoni, mvua zikikolea bei ya pilipili inapaa, mama zangu wanazinunua kwa kuhesabu kama dawa, nikapiga hesabu kwenye daftari, nikaona jamani hawa watu wamelala. Nikamwambia Bapak nataka nipande mvua zikianza ili nivune bei ikiwa juu. Akasema "nggih". Nggih ni ndiyo ya heshima. Nikanunua miche, plastiki ya kufunika matuta, mbolea, nikalipa vibarua.

Kumbe ile nggih maana yake "nimesikia". Kupinga waziwazi, tena mkwe, tena mgeni, ni aibu kubwa, angekufa kwanza. Na bei inapanda msimu wa mvua kwa sababu moja tu, pilipili za kila mtu zinaoza! Kuna ugonjwa wanauita patek, unaona doa moja la mviringo kwenye tunda, limebonyea, jeusi, kesho kumi, keshokutwa unaokota chini. Niliokota chini wiki mbili. Bapak alikuja kunisaidia kuokota, hakusema neno, jioni mama mkwe akapika sambal ya zile nzima zilizobaki na ilikuwa kali kweli.

Baada ya hapo ndo nikaanza kuuliza wao wenyewe hela zao wanaweka wapi, maana kijiji hakina benki lakini watoto wanasomeshwa, nyumba zinaezekwa vigae, watu wanaenda hija. Jibu likawa ni vitu ambavyo nilikuwa navipita kila siku. Ile sengon, kwa mfano. Unapanda miche ukingoni mwa shamba, unaisahau, mwaka wa tano wa sita anakuja mnunuzi anaikata mwenyewe na hela inaenda kwenye ada ya shule. Mtu ana mtoto darasa la kwanza anapanda sengon ya sekondari. Nayo ina ugonjwa wake wa mavimbe siku hizi, sio kwamba ni hela ya bure.

Kwenye mpunga, asiye na shamba anamlimia mwenye shamba wakagawana, nusu kwa nusu ni maro, theluthi ni mertelu. Na mifugo iko hivyohivyo, inaitwa gaduh, na hapa ndo nikapata mlango. Nilinunua mbuzi jike wawili, wale weupe wenye masikio ya kuning'inia, mbegu ya Etawa, nikampa jirani ambaye ana banda ila hana mtaji. Yeye anafuga, kila alasiri anatoka na mundu na gunia kukata majani, wakizaa tunagawana watoto, samadi yote ni yake ya bustanini. Hatukuandika popote. Pak RT anajua, mke wake anajua, kijiji kizima kinajua yupi wangu yupi wake, nikijaribu kudhulumu au akijaribu yeye tutaishi vipi na wale watu? Mwaka wa pili na nusu sasa. Mmoja alivimba tumbo kwa majani mabichi yenye umande akafa usiku, jirani alikuja kunipa habari huku machozi yanamlenga, nikajikuta mimi ndo nambembeleza. Waliobaki upande wangu ni sita, na nimeshauza watatu.

Nilikuwa na wazo lingine la kijanja, nalo acha niliseme, la sukari. Huku wanagema minazi lakini hawanywi tembo, wanapika sukari guru. Mgema anapanda asubuhi na jioni, minazi ishirini na zaidi, hana kamba, anakanyaga vidato vilivyochongwa kwenye shina, na kwenye chombo cha kukingia anatia chokaa kidogo ili maji ya karara yasichachuke. Nyumbani mkewe anachemsha masaa na masaa kwa kuni mpaka yanakuwa mazito, anamimina kwenye vipande vya mianzi au vifuu. Kazi ya hatari, kila mtu ana ndugu aliyeanguka. Nikaona mnunuzi anawapunja, nikasema mimi nitanunua kwa bei nzuri zaidi nipeleke Jakarta. Hakuna aliyeniuzia hata kilo. Yule mnunuzi, kumbe, ndiye anayewakopesha mtoto akiugua, ndiye aliyetoa mchele mgema alipovunjika mguu miezi minne, na deni linalipwa kwa sukari. Anawapunja ndiyo, bei yake ni mbaya. Lakini mimi nilikuja na bei tu, mguu ukivunjika ningekuwa wapi? Nikanyamaza.

Bajeti. Watu wanapiga hesabu ya chakula na umeme, na kweli ni vya kutupa, mendoan, ile tempe (soya iliyochachushwa) laini ya kukaanga nusunusu, unakula tano kwa elfu chache za rupia. Kinachomaliza hela ni michango. Mwezi wa Besar, ambao ndo Mfungo Tatu, harusi zinafuatana mpaka siku moja unaenda tatu, kila moja bahasha ya elfu hamsini au zaidi, na jina lako na kiasi vinaandikwa kwenye daftari, ukifanya shughuli yako watakurudishia kilekile. Mwezi unaofuata, Suro, harusi zinakata kabisa, mwezi mzito huo, na pochi inapumua. Mama mkwe ana daftari la tangu mke wangu hajazaliwa. Bado kuna arisan, upatu wa kila mwezi, majina yanakunjwa kwenye vipande vya mrija, glasi inatikiswa, mrija unaodondoka ndo mwenye zamu. Mke wangu ameshapata. Mimi wanaume wenzangu wamenitia kwenye wa kwao, nimekuwa wa mwisho mizunguko miwili mfululizo na nimeanza kuitilia shaka ile glasi.

Kwahiyo kaka, jibu la meseji yako ni hapana, shamba sikutafutii. Njoo kutembea tu. Tutaenda bwawa la Sempor asubuhi kabla jua halijawa kali, ngome nyekundu ya Van der Wijck iko palepale Gombong, pwani ya Menganti ni barabara ya milima ya kukata breki, na tutapita Ambal kula mishikaki ya kuku yenye mchuzi wa tempe. Njiani kila mtu atakuuliza "arep maring ngendi?", unaenda wapi. Usianze kueleza safari nzima kama nilivyofanya mimi mwaka wa kwanza, nyoosha mkono tu mbele, sema "kesana", cheka, pita.

Ukiweza njoo kabla ya Idul Adha, Idd ya kuchinja, beberu mmoja ameshabadili meno, yaani umri wa kuchinjwa umefika, wanunuzi wameanza kupita bandani kumtazama na jirani amenikataza nisitaje bei mpaka wiki ya mwisho. Nimemjibu nggih.