Unakojoa vizuri? Hilo si jibu kuhusu tezi dume

Wanaume wengi wakisikia habari ya kupima saratani ya tezi dume huwaza kidole tu, kisha hubadilisha mada. Kidole chenyewe hakimalizi dakika. Unalala ubavu, magoti umeyakunja kifuani, daktari anapaka glavu jeli na kuipapasa tezi kupitia njia ya haja kubwa. Kunja ngumi, uguse nyama iliyo chini ya kidole gumba: tezi yenye afya hunyumbulika hivyo. Sasa gusa kifundo cha kidole. Ugumu wa namna hiyo ndio unaotia shaka. Lakini siku hizi kinachoanza ni damu, yaani kipimo cha PSA, protini inayotengenezwa na tezi dume, na mara nyingi kidole si sharti.

Kwa maoni yangu woga huo si tatizo kubwa kama ile kauli ya "mimi mkojo unatoka fresh." Saratani nyingi huanzia pembeni mwa tezi, mbali na mrija wa mkojo, ndiyo maana hukua kimya. Kinachokuamsha usiku mara tatu kwenda kukojoa mara nyingi ni tezi kutanuka kwa sababu ya umri, na huko si saratani. Anayengoja dalili anaweza kufika hospitali ugonjwa ukiwa tayari kwenye mifupa.

Ongea na daktari ukifika miaka 50, au 45 ikiwa una asili ya Afrika au baba au ndugu yako wa kiume amewahi kuugua.

Namba ya PSA huharibika kirahisi. Kumwaga manii au kuendesha baiskeli kwa nguvu ndani ya saa 48 kabla ya kipimo kunaweza kuipandisha. Ukitibiwa maambukizi ya mkojo, subiri wiki 6. Finasteride, dawa ya tezi iliyotanuka, hufanya kinyume: ukiitumia miezi kadhaa hushusha PSA kwa karibu nusu, kwa hiyo ile 3 unayoifurahia huenda ni 6. Mtajie daktari dawa zako zote.

PSA ikizidi 4, usianze kuaga watu. Kipimo hurudiwa kwanza, kisha picha ya MRI, ndipo vinyama 10 hadi 12 vichukuliwe kwa sindano ikibidi. Hata saratani ikionekana, iliyo ndogo na ya polepole mara nyingi hufuatiliwa tu, kwa sababu upasuaji unaweza kuacha mkojo ukivuja na nguvu za kiume zikipungua. Hilo liulize kabla hujatoa damu.