Siku moja maishani mwangu: "Fundi, Wi-Fi haionekani"

Nikisema nafanya kazi ya kompyuta Kariakoo, watu wanadhani nabadilisha vioo vya simu au napiga Window. Zote ni kazi za heshima na nimezifanya. Ila siku hizi sehemu kubwa ya kazi yangu ni kuweka Linux, mfumo endeshi wa bure unaokaa badala ya Windows, kwenye laptopu zilizotumika, na kinachonila muda humo si kuuweka mfumo. Mfumo wenyewe unaingia chini ya nusu saa. Kinachonila muda ni ile sentensi ambayo wateja wote wanaisema sawasawa, kana kwamba wamepangana: "Fundi, Wi-Fi haionekani." Sentensi ni moja, magonjwa ni mengi. Naandika siku ya Alhamisi iliyopita kama ilivyokwenda, ili mtu anayetulipa aone analipia nini.

Saa 11:00 alfajiri. Gongo la Mboto. Kuoga, kuvaa, kituoni. Daladala ikivuka daraja la Mfugale pale Tazara huwa nimeshasinzia na kuamka.

Saa 2:00 asubuhi. Fremu yetu iko ghorofani, jirani na Mtaa wa Aggrey. Tunaigawana mafundi kadhaa: wengine simu, mwingine printa, mimi kompyuta. Nafagia, nawasha feni, najaribu flashi zangu zote kuona kama zinasomeka. Chai na chapati zinapanda kutoka kwa dada wa chini, hesabu jioni.

Saa 2:40. Naanza na za jana. Ya kwanza ni Dell ya mwanafunzi wa chuo. Rafiki yake alishamshauri anunue kadi ya Wi-Fi ya kuchomeka kwenye USB kwa kuwa ya ndani "imekufa". Nikaandika `rfkill list`, amri inayoonyesha kama Wi-Fi imezuiwa, ikajibu "Hard blocked: yes". Jibu hilo ukiliona, acha kuhangaika na draiva (programu inayoiendesha kadi), mara nyingi hakuna amri itakayokusaidia: kuna swichi halisi imezimwa kwenye mwili wa mashine. Nikapapasa ubavuni, nikaisogeza kwa kucha, mitandao ya jengo zima ikajipanga kwenye skrini.

Ya pili ilikuwa na kadi yenye namba inayoanza na 8086. Hiyo ni namba ya Intel, na nikiiona roho inatulia. Draiva yake, iwlwifi, imo tayari ndani ya keneli, yaani kiini cha Linux. Inachodai ni fimuwea, yaani programu ndogo inayopakiwa ndani ya kadi yenyewe kabla haijaanza kazi. Zamani hapo ndipo palikuwa na msalaba. Kisakinishi cha Debian, aina ya Linux ninayoiweka, kilikuwa hakibebi fimuwea zisizo huru (zenye msimbo uliofungwa), basi kinakusimamisha katikati ya kazi na kukudai faili ambayo ipo kwenye intaneti, nawe intaneti ndiyo unayoitafuta. Tulitembea na flashi ya pili kwa ajili ya hizo faili tu. Mwaka 2022 watu wa Debian walipiga kura wakakubali ziwekwe humohumo, na toleo la 12 la mwaka 2023 likatoka nazo. Sijui majina yao wote, lakini mafundi wa fremu kama yetu tuna deni la shukrani kwao.

Saa 4:10. Akaingia Mama Stesheni.

Nimempa jina hilo kwa sababu ana duka la stesheni Temeke: fotokopi, kuchapa, kujazia wanafunzi fomu za mkopo wa HESLB na kuwatazamia matokeo. Alikuwa amenunua laptopu iliyotumika, mashine nzuri kwa umbo, prosesa ya Intel kizazi cha nne. Ilikuja na Windows 10, ambayo Microsoft ilimaliza kuihudumia tarehe 14 Oktoba 2025, na Windows 11 kwa prosesa za Intel inaanzia rasmi kizazi cha nane. Jirani yake alikuwa amewekewa Linux nasi, akamwelekeza.

"Shikamoo mama."

"Marahaba mwanangu. Nina wanafunzi wananisubiri. Saa ngapi inakuwa tayari?"

Nikamwambia nikishaiona kadi ya Wi-Fi ndipo nitakapomjibu. Jibu hilo halikumpendeza. Akavuta kiti, akampigia mpwa wake, akaweka spika. Kuanzia hapo nilikuwa na wasimamizi wawili.

Nikaiwasha kwa flashi ya Debian ya kujaribia, ile inayotembea bila kugusa diski. Nikaandika `ip link`: kukatokea lo (kiolesura cha mashine kujisemesha yenyewe) na kiolesura cha kebo, Wi-Fi hakuna. Nikaandika `lspci -nn`, inayoorodhesha kadi zilizomo, nikapata nilichokuwa nakihofia: Broadcom BCM43142, namba 14e4:4365 (14e4 ni ya Broadcom). Kwa kadi hii fimuwea pekee haitoshi, kwa sababu keneli haina draiva huria ya kuiendesha. Inahitaji draiva ya Broadcom yenyewe, inayoitwa wl, ambayo ni ya kufungwa, haimo kwenye flashi, na inabidi ijengwe palepale juu ya mashine ilingane na keneli iliyopo.

"Anti, mwambie akupigie Window tu," simu ikasema.

Nikamweleza mama kwa lugha ya kawaida: kadi nzima, itafanya kazi, ila lazima nipate intaneti kwa njia nyingine kwanza ili nipakue kitu cha kuipa uhai. Akaniuliza kwa nini duka zima lina Wi-Fi halafu mimi fundi natafuta intaneti. Swali la haki kabisa. Nikamjibu kwamba laptopu yake haina masikio bado, na ruta yetu ya mfukoni haina tundu la kebo.

Nikaanza kusakinisha. Kipimo kimefika zaidi ya nusu, umeme ukakatika. Betri ya mashine ilikuwa jina tu, ikazima palepale. Tukakaa na joto mpaka jenereta ya jengo ikaungurumishwa, nikaanza upya tangu kugawa diski. Simu ikasema Window isingezima. Sikujibu. Katika kazi hii kuna maneno mengi ya kumeza kabla ya chakula cha mchana.

Mfumo ulipokaa, nikachomeka simu yangu kwa waya wa USB nikaiambia igawe intaneti kwa njia hiyo. Hii ndiyo njia ninayomfundisha kila anayeniuliza: Linux inaiona simu ya Android kama kadi ya mtandao, bila draiva ya ziada, na unakuwa umetoka kwenye kile kitanzi cha kuhitaji mtandao ili upate mtandao. Nikafungua faili ya vyanzo vya apt (programu inayopakua na kuweka vifurushi), nikaongeza contrib na non-free, maghala ya programu zisizo huru au zinazozitegemea, kwa sababu ukiacha fimuwea, Debian haikuwekei non-free mpaka uitake mwenyewe. Kisha nikaagiza vichwa vya keneli (faili za kujengea draiva) pamoja na broadcom-sta-dkms, yaani ile wl. Makumi ya megabaiti, kwa bando langu, huku mtandao wa Kariakoo wa saa sita ukijikokota. Mama anatazama mistari ikishuka, mpwa anauliza imefikia wapi, mteja wa printa ananikanyaga mguu.

Ikajengwa bila kosa. Nikaiita draiva kwa `modprobe wl`. Jibu: "Key was rejected by service".

Mtu asiyeijua kazi akiona hapo atasema draiva mbovu. Draiva ilikuwa nzima. Secure Boot, ulinzi wa mashine wakati wa kuwaka, ilikuwa imewashwa, na ikiwa imewashwa keneli ya Debian haipokei moduli (kipande cha kuongezwa, kama hii draiva) isiyo na sahihi inayoaminiwa na mashine. Njia ya mkato ni kuizima kwenye BIOS, mipangilio ya mashine yenyewe. Nikaingia BIOS, ikanidai nywila. Laptopu za aina hii nyingi zinatoka maofisini huko nje, na waliozifunga hawapo wa kuulizwa. Ikabaki njia ya pili, ambayo kwa kweli ndiyo bora: kuifundisha mashine iiamini sahihi yetu. DKMS, programu iliyoijenga wl, ilikuwa imeshatengeneza ufunguo wa sahihi hiyo. Nikauandikisha kwa `mokutil --import`, nikaweka nywila ya muda, nikamwambia mama naizima na kuiwasha, na itatokea skrini ya bluu, asiogope.

Skrini ya bluu ikatokea. Inakupa sekunde kumi ubonyeze kitufe chochote, la sivyo inaendelea na safari na ombi lako limekwisha. Mama alikuwa ameigeuzia laptopu upande wake ili mpwa aione kwa video.

"Anti, hiyo imekufa! Bluu hiyo ni kifo!"

Mama akaikumbatia laptopu kifuani, akanitazama kama nimemuulia mtoto. Mpaka namsihi anipe, sekunde zimekwisha. Nikarudia kuandikisha ufunguo, nikazima, nikawasha, safari hii laptopu ikiwa mbele yangu na mkono mmoja umeishika. "Enroll MOK" (andikisha ufunguo), endelea, ndiyo, nywila, washa upya. Nikaita wl tena. Kimya, bila kosa. Kwenye kona ya juu ile alama ya mtandao ikajichora, na ndani yake majina: duka la chini, duka la pembeni, mtu mmoja aliyeuita mtandao wake jina la timu yake.

Nilisimama nikanyoosha mgongo. Nasema ukweli, furaha ya pale haijapungua tangu nianze. Kitu kilikuwa kimya, umekiuliza maswali kwa utaratibu, kikajibu, ukaendelea kuuliza mpaka kikasema.

Ilikuwa imepita saa nane. Mama akafungua tovuti ya HESLB, ikafunguka, akafungua na barua pepe. Kisha tukafika kwenye pesa.

"Elfu thelathini? Mwanangu, nimekuona. Hujafungua hata skrubu moja. Ulikuwa unaandika tu."

Hili ndilo linaloniuma katika kazi hii, na nalisema bila kuzunguka. Fundi akitoka jasho na bisibisi mkononi, analipwa bila maneno. Fundi akisoma, akafikiri, akaandika mstari mmoja uliokuwa ndio wenyewe, anaonekana amecheza. Nikamwonyesha daftari langu. Kila kadi niliyokutana nayo imeandikwa humo: namba, draiva, ilichodai, ilichokataa. Nikamfungulia ukurasa wa 14e4 aone ulivyochakaa. Nikamwambia, mama, ukinilipa unalipia hizi kurasa. Kuandika kwenyewe nakupa bure. Akasoma kidogo, akacheka, akatoa elfu thelathini kamili. Mpwa alikuwa ameshakata simu, bando lake limeisha.

Mchana ule sikumbuki saa vizuri. Nilikula wali maharage uliopoa, nimesimama. Akaja kijana ambaye laptopu yake inaona mitandao yote isipokuwa wa kwao. Akaja mwingine anataka Window, nikampigia Window. Joto, honi za chini, jenereta. Macho yalikuwa yanawasha kiasi kwamba nasoma mstari mmoja mara mbili. Nikafunga kazi giza limeshaingia.

Jambo moja kwa wanaokuja kununua: njoo na flashi ya Linux ya kujaribia, uiwashe laptopu kwa hiyo palepale dukani kabla ya kutoa hela, utazame kama Wi-Fi inaonekana. Ni dakika chache tu. Muuzaji akikataa, nenda duka la pili. Kariakoo hatujaishiwa maduka.

Nikiwa kwenye daladala, tumejaa mpaka mlangoni, simu ikaita. Mama Stesheni.

"Mwanangu, Wi-Fi haionekani."

Nikamuuliza ipi, ya jirani au hotspoti ya simu yake. Ya jirani ipo, akasema, ya simu yake ndiyo haipo, na wanafunzi wamekaa hapo. Nikamuuliza simu ni ileile aliyokuja nayo dukani. Hapana, ni mpya, amenunuliwa na mwanawe.

BCM43142 inasikia masafa ya gigahezi 2.4 peke yake. Simu mpya ikiwekwa igawe kwenye gigahezi 5, kadi hiyo haitaiona hata ukizilaza zote mto mmoja. Nikamwelekeza: mipangilio, hotspoti, tafuta palipoandikwa 5 GHz, weka 2.4. Konda anapiga kelele za nauli, mama anapiga kelele kwamba hapaoni, mimi napiga kelele ashuke chini zaidi ya ukurasa. Abiria wa pembeni, kaka mmoja mtu mzima, akaniambia nimwambie azime hotspoti kwanza ndipo abadilishe. Nikamwambia hivyo.

"Imetokea!" Nyuma yake nikasikia wanafunzi wakisogeza viti. "Haya mwanangu, na ile laptopu yangu ya zamani nikuletee lini?"

Nikamwambia Jumamosi asubuhi, kabla watu hawajajaa, na aje nayo simu mpya.